Usimpite Mtu Mzima Bila Shikamoo

Ruhuwiko, Songea
14 Februari 1994

Mpendwa Shangazi,

Naanza na jambo lenyewe kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitajificha humo humo na barua itaisha. Bibi alikuita kabla hajafa. Mimi ndiye niliyetumwa, na mimi ndiye niliyeshindwa kukufikishia. Hakuna mtu anayejua. Hata padri sijamwambia.

Sasa shikamoo. Natumaini wewe, Baba Nasrin na mdogo wangu Nasrin hamjambo. Sisi huku tu wazima kiasi. Mvua ni nyingi na mahindi yanabeba. Baba tangu apunguzwe kazi kule ushirika anashinda shambani. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani nasubiri matokeo.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Januari, saa kumi na moja alfajiri. Unajua nilikuwa nalala chumba kimoja na Bibi. Alinigusa mguu akasema, "Mama, amka. Basi la Tunduru, lile linalofika mpaka Nakapanya, linaondoka saa kumi na mbili. Kimbia stendi, umwambie dereva akifika Nakapanya amwambie Theodosia namwita." Nikamuuliza kama nimwamshe Baba. Akasema, "Usimwamshe." Baba alikuwa anasema kila siku kwamba kesho atakupelekea telegramu, na kesho ikifika anasema Bibi ana nafuu. Nikataka kuchukua baiskeli yake. Bibi akasema, "Iache, mnyororo wake unalia, utamwamsha."

Basi nikakimbia. Kutoka kwetu hadi stendi ni kilomita saba. Nilitoka kama jiwe la manati. Nilipofika darajani kifua kilikuwa kinawaka, na nilipoanza kupanda ule mlima miguu ikakataa. Nilitapika, nikakaa chini kando ya barabara. Nikainuka, nikakaa tena. Nilipofika stendi nilikuta alama za matairi kwenye tope. Shangazi, muda ulikuwepo. Kama ningekimbia polepole ningelikuta basi, nikakaa juu ya mizigo nikimsubiri dereva anywe chai.

Bibi akafa Jumapili, tukazika Jumatatu. Ulipofika Alhamisi ukasimama uani mbele ya watu wote, ukasema, "Polikarp, umenificha mama yangu kwa sababu nimeolewa na Mwislamu." Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshika beseni la kunawia. Baba hakujibu. Mimi pia sikusema. Ukaondoka bila kula.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwalimu Romanus, anayefundisha riadha mjini, amenichukua kwenye mazoezi ya wasichana. Mchujo wa timu ya mkoa ni mwishoni mwa mwezi wa tano. Anasema miguu ninayo ila akili ya mbio sina. Siku nne kwa wiki anataka tukimbie polepole, polepole kweli, na mimi siwezi. Nikianza tu, inakuwa ile Ijumaa. Nakwenda mbio hadi nakaa chini, wenzangu wananipita wakipiga soga. Bibi aliniambia kwamba zamani wewe ulikuwa mkimbiaji wa timu ya mkoa. Naomba unifundishe kukimbia polepole.

Na haya niliyoandika yasifike kwa Baba. Bibi alisema asiamshwe. Baba akijua kwamba mama yake alimwogopa, sijui itakuwaje.

Mwanao,
Lukresia


Nakapanya
2 Machi 1994

Mwanangu Lukresia,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Tumo kwenye mfungo, na kuandika barua ya namna hii na koo kavu si kazi ndogo. Baba Nasrin anakusalimu. Nasrin anauliza kama bado unajificha nyuma ya mlango wageni wakija.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaisukumia chini ya gunia la korosho, nikaenda kutwanga. Nimetwanga hadi jirani akaja kuuliza kama kuna shughuli. Miezi miwili nimeamini kwamba mama yangu alikufa bila kunitaja. Sasa unaniambia aliniita. Sijui nikushukuru au nikuchape. Nikikuona nitajua.

Kuna kitu sijakielewa. Hapa kwangu malori yanapita hata kwenye tope, madereva nawauzia chai mwenyewe. Ijumaa ile basi lilikuacha, haya. Ijumaa mchana je? Jumamosi je? Hukumpata hata utingo mmoja wa kumpa maneno? Songea nzima? Nijibu hilo, na unijibu kweli.

Kuhusu mbio. Wewe hushindwi na miguu. Tangu mdogo ukitumwa dukani ulikuwa unapita nyuma ya nyumba za watu ili usisalimiane nao. Mtu anayekimbia kwa aibu anataka apite kabla hajaonekana, ndiyo maana hawezi kupunguza. Mimi nilikuwa na kasoro nyingine, nilipenda kutazamwa, lakini dawa tuliyopewa ilikuwa moja, nami nakupa hiyo hiyo.

Usimpite mtu mzima bila shikamoo. Usisimame, punguza tu. Itamke yote, ngoja marahaba, na akikuuliza habari za nyumbani umjibu. Maneno yakikatika kwa kuhema, ujue umekwenda mbio mno. Punguza mpaka sentensi itoke nzima. Fanya hivyo mwezi mmoja, bila saa, bila kushindana na mtu. Watakucheka. Mimi walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Kwa baba yako sijasema neno. Sina hata njia ya kusema naye.

Shangazi yako,
Biasha (huko kwenu bado Theodosia)


Ruhuwiko, Songea
20 Machi 1994

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Poleni na mfungo na heri ya Idd iliyopita. Natumaini mlikula vizuri. Sisi tupo kwenye Kwaresima, tunakula maharage, na Baba hali sana hata hayo.

Nimefanya kama ulivyosema. Siku ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Kwetu mtu akionekana anakimbia barabarani, basi amebeba habari ya msiba. Mzee Leo, yule fundi baiskeli wa njia panda, aliponiona alisimama na spana mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna, babu. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kufa?"

Bombani ndiyo kubaya zaidi, kwa sababu wanawake wanapanga foleni na hawana la kufanya. Mama Suzana alisema, "Lukresia, unakimbia au umedondosha sindano unaitafuta?" Mwingine akasema, "Mwacheni, anamsindikiza kobe kwao." Nilisalimia wote, mmoja mmoja. Kutoka nyumbani hadi darajani watu wazima huwa kumi na tisa, ishirini na tatu siku ya gulio. Mara mbili machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi, na huku mvua imenyesha.

Lakini juzi Mzee Leo aliniuliza, "Baba yako bado ana ile baiskeli inayolia? Mwambie ailete niutie mafuta huo mnyororo, unatutia aibu sisi mafundi." Nikamjibu, "Nitamwambia, babu, ila mwenyewe anasema ataileta tukimaliza palizi." Sentensi yote ilitoka kwa pumzi moja, na miguu ilikuwa bado inakwenda. Nilikuwa nimeshampita ndipo nikagundua. Mwalimu Romanus alisema, "Leo nani amekushika breki?" Sikumwambia.

Sasa swali lako. Nimeanza kulijibu mara nne na karatasi nimezitia motoni.

Siku ile nilirudi nyumbani saa mbili. Baba alikuwa ameshakwenda shambani. Bibi alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta. Akaniuliza, "Umemkuta?" Nikasema, "Nimemkuta, Bibi. Amesema atafikisha."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alikuwa ananitazama kama mtu ambaye ameshapokea jibu. Baada ya hapo ningetafutaje lori, Shangazi? Kutafuta lori kulikuwa ni kukubali kwamba nimedanganya. Nikajiambia pengine utakuja tu mwenyewe, pengine Baba atapeleka ile telegramu.

Ijumaa jioni aliniambia nifagie chumba kwa sababu Theodosia anakuja. Jumamosi aliniambia nimsuke, usije ukamkuta na nywele timutimu. Nilimsuka mistari sita. Kila gari lilipopita barabarani alisema, "Sikiliza." Jumapili asubuhi watu walikuwa kanisani, mimi nimebaki naye. Akasema tena, "Sikiliza," na hapakuwa na gari. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Sasa umejua. Siombi lolote kwenye barua hii isipokuwa usimwambie mtu.

Mwanao,
Lukresia


Ruhuwiko, Songea
30 Mei 1994

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya mwezi wa tatu. Ya Pasaka niliipeleka posta mwenyewe. Ya mwezi wa nne nilimpa utingo wa lori, mtu mwenye kofia nyekundu, akaniapia kwamba anakujua na anakunywa chai kwako. Kwa hiyo najua zimefika.

Baba hajambo ila amekonda. Tunavuna. Wanunuzi wa mahindi wanakuja hadi mlangoni na mizani zao siku hizi, Baba anazitazama zile mizani kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalia kiti chake, kisha anaondoka. Matokeo yalitoka. Nimepata daraja la nne.

Mchujo ulikuwa juzi Jumamosi, kilomita kumi. Nimekuwa wa tano, wamechukuliwa wanne. Wa nne aliniacha kama kutoka hapa hadi chooni. Wenzangu walidhani ninalia kwa hilo. Mimi nilikuwa ninalia kwa sababu mlima wa mwisho niliupanda nikiwa bado nina pumzi, na nilimaliza nimesimama. Nikawaza, kumbe inawezekana. Kumbe ile siku iliwezekana.

Mchujo umekwisha lakini bado nakimbia polepole kila asubuhi. Siku hizi watu wa barabarani wananianza wao kwa salamu. Mama Suzana nisipopita anatuma mtoto kuuliza kama naumwa.

Siulizi kama umenisamehe. Nauliza kama u mzima.

Mwanao,
Lukresia


Nakapanya
9 Juni 1994

Lukresia,

Marahaba. Mimi mzima. Barua zako zote zimefika, hata ya yule wa kofia nyekundu, ambaye chai yangu hunywa kwa mkopo.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nakuchukia. Nakwambia hivyo kwa kuwa wewe uliniambia kweli. Mwezi mzima nilikuwa nikisikia lori linapita usiku au mchana, nasikia "sikiliza". Nilivunja vikombe vitatu. Baba Nasrin akaniuliza nina nini, sikumwambia, kwa kuwa uliniomba nisimwambie mtu. Siri yako nimeibeba, na ni nzito, mwanangu. Sasa najua ulivyoibeba wewe, tena peke yako, na umri huo.

Halafu juzi Nasrin alivunja kikombe cha nne. Nikamuuliza ni nani, akasema paka. Hatuna paka. Mikono alikuwa ameificha mgongoni. Nikakuona wewe mlangoni, na mama yangu kitandani anakutazama. Nikakaa chini.

Mistari sita ilimpendeza? Hakupenda kusukwa na mtu mwingine zaidi yangu.

Sasa sikiliza neno langu. Mimi nilimtukana ndugu yangu mbele ya jeneza lisilokuwepo, mbele ya majirani zake, kwa kosa ambalo si lake. Nusu ni lake, alichelewesha telegramu, hilo anajua mwenyewe. Lakini mama hakunyimwa kunitaja, na Polikarp hakumziba mdomo. Siwezi kuja kwenu nikakaa naye nikila ugali huku nimefunika jambo hili. Na siwezi kumwambia mimi, kwa sababu ni lako. Ukilinyamazia, nitakutunzia mpaka kaburini, nimekuahidi. Ila ujue kwamba mimi na baba yako tutazeeka hivi hivi, na barabara ni moja.

Usimwendee mbio. Mwambie kama unavyowasalimia watu.

Shangazi yako,
Biasha


Stendi ya mabasi, Songea
Ijumaa, 8 Julai 1994

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, ninaandikia juu ya gunia la mahindi na vidole vina baridi. Dereva anaitwa Juma. Nimeshaongea naye. Anasema hawezi kuondoka mpaka magunia yote yapande, kwa hiyo nina muda. Nina muda mwingi, Shangazi. Nimefika robo saa kabla.

Nilimwambia Baba siku mbili baada ya kupata barua yako. Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, mimi na yeye tu. Nilisema, "Baba, kuna jambo la Bibi." Hakuacha kupukuchua. Nikamwambia yote, sentensi nzima nzima, na kila maneno yalipotaka kukatika nilingoja. Kuhusu basi. Kuhusu uongo wangu. Kuhusu nywele. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja.

"Alisema usiniamshe?"

"Ndiyo, Baba."

"Alisema hivyo hivyo?"

"Alisema, usimwamshe."

Akaweka gunzi chini taratibu, kama linaweza kuvunjika, akaenda shambani ambako hakuna kilichobaki cha kuvuna. Tangu siku hiyo hakusema nami. Karibu wiki tatu. Akitaka chumvi aliisogelea mwenyewe. Niliona bora angenipiga. Jumapili mbili mfululizo baada ya misa alikwenda makaburini, akarudi jua limepanda na viatu vina udongo. Nilitaka kukuandikia kwamba umenidanganya, kwamba nilimwendea polepole na bado nimemvunja.

Jana jioni aliniita. Alikuwa na bahasha, ndiyo hii niliyoifungia pamoja na karatasi yangu. Akasema, "Kesho Ijumaa. Basi la Tunduru. Mpe dereva, mwambie ni ya Biasha."

Ni mara ya kwanza nasikia jina hilo kinywani mwake. Alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Akasema msalaba wa Bibi utasimikwa Jumamosi ya tarehe 6 Agosti, na hautasimikwa usipokuwepo. Mje wote, na Baba Nasrin. Mengine ameandika mwenyewe, sijayasoma. Kisha akasema, "Chukua baiskeli." Nikasema, "Hapana, Baba, nitakimbia." Akazitazama zile raba zangu za mtumba kwa muda mrefu. "Basi usikimbie sana," akasema.

Hajasema kwamba amenisamehe. Amenituma tu. Lakini amenituma mimi.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Nilitoka taratibu. Niliwasalimia wote niliowakuta. Mzee Leo alikuwa anafungua kibanda, akasema, "Marahaba, mama. Leo umebeba nini?" Nikamwambia, "Barua ya shangazi yangu, babu." Akasema, "Haya, isilowe." Darajani nikapunguza zaidi, kwa sababu ya mlima. Na hapo ndipo niliposikia.

Nyuma yangu, mbali kidogo, kulikuwa na mnyororo unalia.

Sikugeuka. Nilipopunguza, ulipunguza. Nilipomsalimia mama mmoja aliyebeba kuni, ulinyamaza kabisa, kisha ukaanza tena. Mlimani ulibadilika sauti, nikajua ameshuka anaikokota ili asinipite. Pale nilipokaa chini mwezi wa kwanza nilipita nikiwa nakimbia, na nikamsikia anasimama pale pale, kwa sababu nilikuwa nimemwonyesha kwa maneno, chini ya mti wenye alama ya panga. Alisimama muda. Nikaogopa kwamba atarudi. Halafu mnyororo ukalia tena.

Kama ningekimbia kama ile Januari, nisingesikia kitu zaidi ya kifua changu mwenyewe.

Sasa hivi yuko upande wa pili wa stendi, nyuma ya magunia. Ameinamia gurudumu anajifanya analikagua. Anadhani sijamwona. Nadhani alikuja ili nikianguka aniokote, au aichukue barua afike nayo yeye. Au hakuweza kukaa nyumbani akisubiri. Sijui, na sitamuuliza.

Ile siri ya kwanza siyo siri tena, unaweza kuitua, na umwambie Baba Nasrin kwa nini vikombe vimeisha. Lakini hii ya leo naomba unitunzie. Ukija Agosti, Baba akikuambia kwamba nilikuja stendi peke yangu, itikia. Usimwambie kwamba nilimsikia njia nzima. Na Mzee Leo akitaka tena kuutia mafuta ule mnyororo, tutafute sababu, wewe na mimi, tumkatalie.

Juma anapiga honi.

Mwanao,
Lukresia